Zamu ya Maji

Saa tatu usiku, maabara ya hospitali, Moshi.
Feni imekufa tangu Jumatatu. Nafungua dirisha,
harufu ya maganda ya kahawa kutoka kiwandani inaingia
bila hodi, inakaa kwenye koti langu jeupe.

Chini ya hadubini kuna kipande cha ubongo,
chembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Si cha ndugu yangu. Nasema mapema,
maana kila ajuaye habari zetu huniuliza.

Neva nazijua; zimesifiwa za kutosha.
Umeme ni wao, mbio ni zao, vitabu ni vyao.
Mimi natafuta zile nyingine, zenye umbo la nyota,
ambazo wataalamu wa zamani walizitupia jicho
wakaziita gundi, wakafungua ukurasa mwingine.

Gundi!
Ni kama mtu apite Uru, amwone baba
amechutama kando ya mfongo, tope hadi magotini,
adhani ni sehemu ya ukingo.

Kazi ya baba ilikuwa kuziba.
Maji yalishuka msituni, yakafika kwa kina Mlaki,
migomba ikanywa, na saa zao zilipoisha
alikuwa ameshasokota majani makavu na udongo,
akabana tundu kwa kisigino.
"Ndekirwa, tuachie kidogo!"
Baba alikuwa kiziwi kila Jumanne, zamu ya kina Mlaki.
Siku nyingine alisikia vizuri tu.

Hapa nako kuna ufa, kati ya neva na neva,
usiopitisha hata uzi wa buibui.
Neva moja inamwaga glutameti, neno moja: amka.
Neno likishasikika, lisipozolewa
linaendelea kusema. Amka, amka, amka,
na jirani anaitika, na jirani wa jirani,
mpaka kijiji kizima kinapiga yowe
na hakuna nyumba inayoungua.

Yowe hilo nimeliona. Jumapili, ngazi za kanisa,
Ndetaramo, miaka kumi na minne, shati jipya la kipaimara.
Visigino viligonga saruji.
Mtu alikimbilia kijiko, mtu alitaja mashetani.
Mama akamlaza ubavu, akakunja kanga,
akaiweka chini ya kichwa, akahesabu dakika kwa sauti
kama anayehesabu chenji.

Daktari Shoo hakutudanganya: huenda ni neva,
huenda ni hizo nyota zilizozembea tundu.
Haijulikani. Tumeze vidonge.

Seli-nyota inanyoosha kidole hadi ukingoni mwa ufa,
inakunywa glutameti iliyobaki,
inaipoza iwe glutamini, isiyomwamsha mtu,
kisha inairudisha kwa neva ileile iliyoimwaga
ikatengeneze neno jingine. Haidai risiti.

Na pengine (hili ndilo linaloninyima usingizi)
nayo hutia neno lake.
Kalisi hupita ndani yao, nyota hadi nyota,
polepole, kama lile baragumu la alfajiri
lililowatoa watu na majembe kwenda kuzibua mfongo.
Neva huhesabu kwa vipande vya sekunde.
Hizi huhesabu kwa pumzi.

Siku hizi Uru kwetu kuna bomba, na kufuli,
na funguo anayo mwekahazina wa kamati.
Ndetaramo anatengeneza redio Majengo;
mwaka wa tatu huu hajaanguka.
Sijui nimshukuru nani kati ya wote waliomo mle kichwani mwake.

Najaza fomu. Neva: idadi, umbo, hali.
Nageuza nyuma. Hakuna mstari wa nyota.
Naandika pembeni, kwa penseli, herufi ndogo:
walikuwepo, wengi,
wamechutama.